Kipimo cha poligrafu kwa watumishi wa umma jijini Nakuru: tathmini ya mtu aliyeketi kwenye kiti

Huduma ninayoitathmini ni kipimo cha poligrafu, yaani mashine ya kubaini uongo. Inatolewa na kampuni moja ya kibinafsi katikati ya jiji la Nakuru, na inauzwa kwa ofisi za umma kama njia ya kujua ni mtumishi yupi anayeaminika na ni yupi anayeihujumu ofisi yake. Sitaitaja kampuni hiyo, wala sitaitaja ofisi iliyonipeleka huko, kwa sababu ninachotaka wasomaji wakijue ni kazi ya mashine yenyewe na jinsi matokeo yake yanavyotumiwa dhidi ya watu wenye familia. Mimi ni karani wa hesabu, mama wa watoto watatu, na nimeutumikia umma kwa miaka 19 bila barua hata moja ya onyo katika faili yangu. Nautanguliza uamuzi wangu kwa ajili ya mkuu wa idara ambaye huenda ana nukuu ya bei ya huduma hii mezani pake sasa hivi: wahudumu ni wastaarabu, chumba ni safi, muda wa miadi unaheshimiwa, na huduma yenyewe haifai kupima uaminifu wa mtumishi wa umma.

Tulifikishwa huko na makadirio ya bei ya zabuni moja, ambayo yalivuja kabla ya siku ya kufungua maombi. Wakubwa walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa fedha za zabuni ile zilikuwa za wananchi. Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishangaza. Watu 31 ambao kwa namna moja au nyingine wangeweza kuiona karatasi hiyo, kuanzia afisa wa ununuzi hadi mzee wetu wa masjala anayebeba faili kutoka meza hadi meza, tuliandikiwa kwamba tutapimwa kwa mashine ya kubaini uongo. Barua ilisema kupimwa ni kwa hiari. Wiki hiyohiyo orodha ya waliotia saini ya kukubali na ya wale ambao hawajatia ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango ambao kila mtu huingilia asubuhi. Hiari ya namna hiyo kila mfanyakazi anaielewa maana yake. Nilitia saini siku ya pili.

Miadi yangu ilikuwa saa mbili asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri, na hilo naomba msomaji alikumbuke, kwa maana nitalirudia. Mapokezi yalikuwa mazuri: chai ya maziwa, kiti cha kustarehe, na binti mpole aliyenikabidhi fomu ya kurasa nne iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee. Mimi naisoma lugha hiyo bila shida, lakini mzee wa masjala, aliyekuwa kabla yangu, alisaidiwa kuijaza na mtu wa kampuni ileile iliyokuwa inaenda kumpima, naye akatia saini mahali alipoonyeshwa kidole. Fomu iliuliza kuhusu magonjwa na dawa. Niliandika kwamba nina presha na kwamba nimemeza dawa yangu asubuhi hiyo kama ninavyofanya kila siku. Mpimaji alipoisoma alitikisa kichwa na kusema haina neno, tungeendelea tu. Mtu mwenye presha anapoambiwa kwamba dawa ya presha haina neno katika kipimo kinachotegemea presha, anapaswa kuomba maelezo zaidi. Sikuomba, na ninajuta.

Vifaa vyenyewe ni vichache kuliko nilivyodhani. Mipira miwili yenye mikunjo ilizungushwa mwilini mwangu, mmoja juu ya kifua na mwingine juu ya tumbo, ili kufuata jinsi ninavyopumua. Vibati viwili vidogo vilifungwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto kupima jinsi jasho linavyobadilisha upitaji wa umeme kwenye ngozi. Mkono wa kulia ulivishwa mkanda uleule wa kupimia presha ambao kila mtu aliyewahi kuingia kliniki anaujua, isipokuwa kliniki huuachia baada ya nusu dakika, na hapa ulibaki umevimba kwa dakika kadhaa kila awamu ya maswali, hadi vidole vyangu vikaanza kufa ganzi na kubadilika rangi. Juu ya kiti palikuwa na kitambaa kinene cha kutambua mtu akijisogeza. Nyaya zote zilikwenda kwenye kompyuta iliyokuwa nyuma ya bega langu, mahali ambapo nisingeweza kuona kinachochorwa. Kwa hiyo, kwa saa mbili na nusu nilitazama ukuta mweupe wenye kalenda, huku kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza akiniuliza maswali kutoka nyuma.

Kabla ya maswali yenyewe kulikuwa na onyesho. Niliambiwa nichague tarakimu moja kati ya 3 na 7, niiandike kwenye karatasi, kisha nijibu «hapana» kwa kila tarakimu atakayoitaja, hata ile niliyoichagua. Alipomaliza akaniambia, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba nilikuwa nimeandika 5. Ilikuwa kweli. Lengo la zoezi hilo, nilivyokuja kujua baadaye, ni kumfanya anayepimwa aamini kwamba mashine haikosei, kwa sababu kipimo kizima kinategemea imani hiyo. Mwenye hatia akiamini kwamba atashikwa, ataogopa, na hofu yake itaonekana kwenye chati. Jambo ambalo halisemwi wakati huo ni kwamba asiye na hatia akiamini mashine ina nguvu hivyo, naye ataogopa, na hofu yake itachorwa kwa mistari ileile.

Yaliyonikera zaidi yalikuja kwenye maswali ambayo wapimaji huyaita ya kulinganishia. Haya hayahusiani na kosa linalochunguzwa. Ni maswali ya jumla kama vile: «Kabla hujafikisha miaka 30, uliwahi kumdanganya mtu aliyekuamini?» Nadharia yake ni kwamba karibu kila binadamu amewahi kufanya hivyo, kwamba wengi watajibu «hapana» kwa aibu, na kwamba uongo huo mdogo utazua msukosuko mwilini ambao utalinganishwa na ule wa swali la zabuni. Asiye na hatia, eti, atasumbuliwa zaidi na swali la jumla, na mwenye hatia atasumbuliwa zaidi na swali la kosa lenyewe. Tulipokuwa tunayapitia maswali kabla ya kufungwa nyaya, nilijibu hilo kwa kweli. Nilisema ndiyo, niliwahi kumdanganya mama yangu kuhusu karo ya shule, na jambo hilo liliniuma mpaka alipofariki. Kijana akanikatiza kwa upole:

«Mama, hayo ni madogo. Hapo jibu tu hapana, vinginevyo chati haitasomeka.»

«Lakini mwanangu, jibu la kweli ni ndiyo.»

«Naelewa, mama. Jibu hapana.»

Nikajibu hapana. Nililelewa katika nyumba ambamo kosa huungamwa, likisemwa linapungua uzito, na sijawahi kusahau kwamba mara ya kwanza kudanganya kwa kuagizwa nikiwa kazini ilikuwa ndani ya chumba kilichokodishwa na ofisi yangu kwa ajili ya kutafuta ukweli. Simlaumu kijana yule, kwa sababu alikuwa anafuata utaratibu aliofundishwa. Naulaumu utaratibu, kwa kuwa mtu mkweli aliyezoea kukiri udhaifu wake huuvuruga, na yule aliyezoea kusema uongo bila kupepesa macho hupita humo bila shida.

Baada ya maswali ya zabuni tukafika kwenye lile ambalo ofisi ilililipia zaidi. Liliandikwa kwa Kiingereza na likasomwa kwangu kwa Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nimeomba lugha ninayoiwazia. Mara ya kwanza aliniuliza: «Je, wewe ni mwaminifu kwa uongozi wa ofisi yako?» Mara ya pili, katika awamu iliyofuata, tafsiri ikabadilika: «Je, wewe ni mtiifu kwa uongozi wa ofisi yako?» Kwake yeye lilikuwa swali moja. Kwangu yalikuwa maswali mawili yaliyo mbali kabisa. Mwaminifu ni mtu ambaye ukimwachia sanduku la fedha utalikuta lilivyo, ukimpa hesabu ataandika kilichopo, ukimuuliza atakwambia hata lile usilopenda kulisikia. Mtiifu ni anayefuata agizo. Katika miaka 19 nimewahi kukataa kutia saini vocha mbili ambazo hazikuwa na stakabadhi, na nilizikataa mbele ya mkubwa aliyeniamuru nizitie. Siku hiyo sikuwa mtiifu, na nilikataa kwa sababu nilikuwa mwaminifu. Sasa mwili wangu ulipaswa kujibu nini kwenye vibati vile viwili? Nilikumbuka vocha, moyo ukaenda mbio, na nina hakika mstari uliruka.

Matokeo ya kipimo hiki huwa ya aina tatu: hakuna dalili za udanganyifu, kuna dalili za udanganyifu, au haikubainika. Yangu yaliandikwa kwamba haikubainika. Sikupewa chati wala ripoti. Nilisomewa sentensi hiyo moja na afisa wa rasilimali watu, naye akaongeza kwamba «itawekwa kwenye faili». Kwa lugha ya kawaida, kutobainika kunamaanisha kwamba mashine haikujua. Kwa lugha ya ofisi, kuanzia juma lile, kulimaanisha kwamba mimi ni mtu wa kutiliwa shaka, na kazi ya malipo ya wasambazaji ambayo nilikuwa nimeifanya kwa miaka 6 ikahamishiwa meza nyingine.

Mzee wa masjala alipata mabaya zaidi. Kwake iliandikwa kwamba kuna dalili za udanganyifu. Nilimwona alipotoka kwenye chumba kile: mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe kilimshinda, na shati lilikuwa limelowa mgongoni. Yeye ni mtu ambaye hutetemeka hata anapoitwa na mkubwa kupewa pongezi. Bila kusikizwa, aliandikiwa barua ya kumhamishia ofisi ndogo upande wa Molo, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu chombo hiki, jambo ambalo ofisi ilipaswa kulifanya kabla ya kulipa hata shilingi. Mashine ya kwanza ya kurekodi kupumua na msukumo wa damu kwa pamoja ilitengenezwa mwaka 1921 na John Larson, aliyekuwa polisi mjini Berkeley, California. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1923, mahakama ya rufaa jijini Washington ilikataa kupokea ushahidi wa kipimo cha aina hiyo katika kesi ya mtu aliyeitwa Frye, kwa hoja kwamba mbinu hiyo ilikuwa bado haijakubaliwa na wanasayansi wa fani husika. Zaidi ya miaka 100 imepita. Nyaya zimeunganishwa na kompyuta, kalamu za wino zimeondoka, lakini kinachopimwa ni kilekile: pumzi, jasho na damu. Hakuna mabadiliko ya mwili ambayo hutokea wakati wa uongo pekee na hayatokei wakati wa hofu, hasira, aibu au kumbukumbu chungu. Hoja hiyo ndiyo msingi wa yote, na hakuna kompyuta inayoweza kuizunguka.

Marekani, ambako serikali hutumia kipimo hiki kuliko nchi nyingine nyingi, ilipiga marufuku mwaka 1988 waajiri wengi wa kibinafsi kuwapima wafanyakazi wao, ila serikali yenyewe ikajiondoa katika marufuku hayo. Mwaka 2003 Baraza la Kitaifa la Utafiti la nchi hiyo lilichapisha ripoti kubwa kuhusu kutumia poligrafu kuwachuja watumishi wa idara za usalama. Walichukua mfano wa watumishi 10,000 ambao kati yao 10 ni majasusi, wakaichukulia mashine kuwa inakosea kidogo kuliko inavyokosea kweli, kisha wakahesabu. Ukiikaza mashine ili iwashike majasusi 8 kati ya 10, itawatuhumu pamoja nao watu 1,598 wasio na kosa lolote, na majasusi 2 watapita. Ukiilegeza ili kuwalinda wasio na hatia, bado itawatuhumu watu 39 bure, na majasusi 8 kati ya 10 watarudi kazini wakiwa na cheti cha uaminifu. Naomba mkuu wa idara asome hesabu hiyo mara mbili. Wapange watuhumiwa 1,606 wa mfano wa kwanza kando ya Kenyatta Avenue, halafu ujiulize utawatambuaje wale 8.

Visa vyenyewe vinalingana na hesabu. Aldrich Ames, afisa wa shirika la ujasusi la CIA, alianza kuuza siri kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1985, akapimwa kwa poligrafu mwaka 1986 na tena mwaka 1991, na mara zote mbili akaruhusiwa kuendelea na kazi, mpaka alipokamatwa mwaka 1994. Ushauri aliopewa na waliomtuma ulikuwa mwepesi: alale vizuri usiku, atulie, awe mchangamfu na mpimaji. Mimi, ambaye sikuwa na siri ya kuficha, nilikesha. Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiitumikia Cuba, alipita kipimo mwaka 1994 na akaendelea na kazi yake ya siri hadi alipokamatwa mwaka 2001. Ukitaka kujua kwa nini basi serikali haziachi chombo hiki, Rais Richard Nixon alishalijibu mwaka 1971 katika mazungumzo yaliyorekodiwa ofisini kwake, aliposema kwamba hajui poligrafu ina usahihi kiasi gani, anachojua ni kwamba inawatia watu hofu kuu.

Kuna mtu mwingine wa serikali ya Marekani ambaye ninamheshimu kwa jambo hili. Mwaka 1985, Rais Ronald Reagan alipoidhinisha maelfu ya watumishi wenye kushika siri wapimwe, Waziri wa Mambo ya Nje, George Shultz, alisema hadharani kwamba siku atakayoambiwa na serikali hiyo kwamba haaminiki ndiyo siku atakayoondoka. Serikali ikalegeza msimamo. Yeye alikuwa waziri, na maneno yake yalikuwa na uzito. Karani wa masjala Nakuru akisema hivyo, atapewa fomu ya kujiuzulu.

Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo kueleza kwa nini utiifu kwa wakubwa hauwezi kuwa kipimo cha mtumishi mwema. Mfano bora tunao hapa nyumbani. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipoona malipo makubwa yakitolewa kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakumwingia akilini. Nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge, akiwemo Anyang' Nyong'o, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kisumu, na ndivyo kashfa ya Goldenberg ilivyofichuka. Munyakei alikamatwa mwaka 1993 kwa madai ya kuvunja sheria ya siri za serikali, akapoteza kazi, akaishi maisha ya taabu, na akafariki mwaka 2006. Mkalishe kijana huyo kwenye kiti nilichokalia mimi, umuulize kama amewahi kumpa mtu wa nje karatasi ya ofisi. Mashine ingepiga kelele, ripoti ingeandikwa kwamba kuna dalili, na Benki Kuu ingemwondoa mtu aliyekuwa mwaminifu kwa Wakenya kuliko wengi waliokuwa juu yake. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Upatikanaji wa Habari inamlinda mtumishi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma. Swali la tisa katika orodha yangu lilikuwa: «Umewahi kuzungumza na mwandishi wa habari kuhusu mambo ya kazi?» Lilitupa katika kapu moja mwizi wa zabuni na mtu anayemfichua.

Kuhusu sheria zetu nyingine nitasema kwa ufupi, kwa vile wanasheria wataeleza vizuri zaidi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na cha 47 kinampa haki ya hatua za kiutawala zenye uadilifu, pamoja na kupewa sababu kwa maandishi pale haki zake zinapoguswa. Kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hawezi kufukuzwa, kushushwa cheo wala kuadhibiwa bila kufuata utaratibu wa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa na amsikize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Habari za afya yangu, zikiwemo presha na dawa, ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nami nina haki ya kujua zimehifadhiwa wapi na nani anazisoma. Hata Afrika Kusini, ambako kampuni nyingi hutumia poligrafu, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi imeshikilia kwamba matokeo ya mashine peke yake hayatoshi kumwachisha mtu kazi. Na tukizungumzia utiifu, viapo vilivyomo katika Katiba yetu huapwa kwa Jamhuri na kwa Katiba yenyewe. Jina la mkuu wa idara halimo.

Nije kwenye bei. Nilipopiga simu baadaye kama mteja wa kawaida niliambiwa ni shilingi 15,000 kwa mtu mmoja, na ikiwa bei hiyo ndiyo iliyotumika, watu 31 waligharimu shilingi 465,000. Ofisi yetu haina daftari la kuonyesha faili imetoka mikononi mwa nani saa ngapi na imerudi lini. Kabati la masjala lina kitasa kilichovunjika tangu mwaka juzi na limefungwa kwa waya. Juma lile la zabuni wino wa printa ulikuwa umekwisha, kwa hivyo makadirio yale yalipelekwa kwenye flashi hadi saiba ya mjini yakachapishwa huko. Hilo lilijulikana miezi miwili baada ya vipimo, kwa bahati tu, dereva mmoja alipouliza ni nani atakayemrudishia hela zake za uchapishaji. Mhudumu wa saiba alithibitisha kwamba mafaili ya wateja hubaki kwenye kompyuta mpaka mtu ayafute. Sidai kwamba hapo ndipo siri ilipovujia, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuchunguza. Nasema tu kwamba palikuwa na mlango wazi kabisa, na hakuna swali hata moja kati ya yale ya mashine lililougusa. Kwa sehemu ndogo ya fedha zile wangenunua kitasa, daftari na wino.

Kampuni ninaipa haki yake. Hakuna aliyenitukana, mpimaji hakuuliza lolote kuhusu dini, kabila au ndoa yangu, nilipoomba kunyoosha mkono uliokufa ganzi alinikubalia mara moja, na niliambiwa mwanzoni kwamba ninaweza kuondoka wakati wowote. Kwa upande wa mapokezi ningewapa nyota nne kati ya tano. Kwa upande wa huduma inayotangazwa, yaani kujua nani ni mwaminifu, nawapa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu fomu ya kutathmini haina sifuri.

Ukiitwa kwenye kipimo kama hiki, omba fomu ya kukubali kwa lugha unayoielewa na uende nayo nyumbani usiku mmoja kabla ya kutia saini. Mwone daktari wako ikiwa unatumia dawa za presha, za moyo au za wasiwasi, na uchukue barua yake. Uliza kwa maandishi ripoti itasomwa na nani, itahifadhiwa kwa muda gani, na kama utapewa nakala. Uliza pia ni hatua gani itachukuliwa kwa atakayekataa, na kwa yule ambaye matokeo yake hayatabainika, kwa sababu hilo la mwisho mimi sikuliuliza. Mjulishe mwakilishi wa chama kabla ya siku yenyewe. Kama tayari umeadhibiwa kwa matokeo hayo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Nakuru na Kisumu, na makarani wake wanapokea mtu asiye na wakili.

Mimi nimeandika barua mbili. Moja ni yangu, ya kuomba nakala ya chati na ripoti. Ya pili niliiandika na mzee wa masjala, Jumamosi moja nyumbani kwangu Lanet, yeye akisema polepole nami nikiandika, akiomba asikizwe kabla ya uhamisho wake kuwa wa kudumu. Tulizipeleka pamoja Jumatatu, zikapigwa muhuri wa kupokewa mbele ya macho yetu, naye akakunja nakala yake mara nne na kuitia katika mfuko wa shati. Jibu likija nitaliongeza hapa.